Hariri ya Porini: Kitambaa Ambacho Wazee Wetu Hawakukisuka

Tulipokuwa tunatayarisha kijitabu hiki juu ya mavazi ya wazee, tulikaa mara nyingi siku za Jumamosi na kuulizana: nani alivaa nini, na alikipata wapi? Ngozi ya mbuzi, ndiyo. Kitambaa cha gome la mti, ndiyo. Vikuku vya shaba na shanga, ndiyo. Kisha mwenzetu mmoja aliyetoka safari ya Walikale akatoa katika mfuko wake kitu cha rangi ya kahawia, kikubwa kama papai, chepesi kama karatasi, akakiweka juu ya meza. Akauliza: "Na hii? Hii si nguo?"

Ilikuwa nyumba ya viwavi. Tukaipasua kwa kisu. Ganda la nje lilikuwa gumu kama karatasi ya mfuko wa simenti. Chini yake palikuwa na safu laini zaidi, na ndani kabisa vifukofuko vidogo vimebanana kama mbegu ndani ya boga, vitupu, kwa kuwa wenyewe walikwisha kuruka zamani. Muzee mmoja wa chama chetu, aliyekwisha kupita miaka 80, akaishika mkononi, akacheka. "Hii tulikuwa tunaikutaka mu pori wakati wa kutafuta kuni. Siye watoto tulikuwa tunaipiga na mawe. Nguo? Hapana. Hakuna mutu aliwaza nguo."

Usiku ule wote tulioishika tulijikuna mpaka asubuhi. Viwavi hawa wana vinyweleo vinavyowasha, na vinabaki ndani ya nyumba hata baada ya wenyewe kuondoka. Tunalisema hili mapema ili msomaji atakayeikuta asiishike ovyo, wala asiikaribishe machoni.

Lakini swali la mwenzetu halikuondoka na muwasho. Kama hariri ilikuwa inaning'inia katika miti yetu, kwa nini hatukuisuka? Na je, ile ni hariri kweli, au ni jina tu? Katika andiko hili tunajaribu kujibu. Tumeona kwamba jibu la kwanza liko katika historia yetu, na la pili liko katika damu ya mdudu mwenyewe, ni kusema katika urithi wake.

Wataalamu wanamwita mdudu huyu Anaphe. Kuna aina kadhaa: Anaphe panda, Anaphe infracta, Anaphe venata na nyingine, zote za Afrika. Nondo jike, yule kipepeo wa usiku, anataga mayai mamia mahali pamoja juu ya jani, na viwavi wanaotoka wanaishi kama ukoo mmoja mpaka mwisho. Wanakula pamoja, wanatembea mmoja nyuma ya mwingine kama wanafunzi wanaoingia darasani, na wakikomaa wanajenga nyumba moja ya hariri. Ni baada ya kuifunga ndipo kila mmoja anapojitengenezea kifukofuko chake ndani. Katika nchi za Maziwa Makubwa mti wanaoupenda ni Bridelia micrantha, ambao Waganda wanauita katazamiti.

Sasa tuliangalie neno lenyewe. "Hariri" ni neno la Kiarabu. Lilipanda kutoka pwani pamoja na misafara, na katika karne ya 19 likafika Kasongo na Maniema yote pamoja na watu wa Zanzibar. Vitambaa vilivyotembea sana katika misafara ile vilikuwa vya pamba: merikani, iliyopewa jina la nchi ilikotoka, na kaniki nyeusi-buluu. Hariri ilikuwa ya wakubwa. Kwetu basi hariri iliingia ikiwa imekwisha kusukwa, imekwisha kutiwa rangi, na ina bei. Hakuna aliyemwona kiwavi ndani yake. Wahausa wa Nigeria wana neno lingine kabisa. Hariri ya porini wanaiita tsamiya, na tsamiya ni mkwaju, mti ambao viwavi wao wanakula majani yake. Jina la Wahausa linakupeleka kwenye mti. La kwetu linakupeleka dukani.

Na Wahausa si peke yao. Wayoruba, katika Nigeria ya kusini-magharibi, toka zamani wanakusanya nyumba za Anaphe, wanazichemsha katika maji ya majivu ili gundi itoke, wanazichambua kama pamba, wanasokota uzi, na wanasuka kitambaa cha rangi ya mchanga kiitwacho sanyan. Ni nguo ya heshima, ya ndoa na ya mazishi ya wakubwa. Kule Madagaska, katika nchi ya milima, kuna kiwavi mwingine wa porini, Borocera, ambaye wenyeji wanamwita landibe. Anakula majani ya mti wa tapia, na kutoka kwake wanasuka lambamena, sanda wanayowafungia wafu wao. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba hariri ya Afrika haiwezekani, au kwamba ni mpaka mashine za Wazungu. Iliwezekana, na kwa mikono.

Basi kwa nini si huku? Sisi tunafikiri sababu kubwa ni kwamba katika nchi yetu ya maziwa na volkano hakuna aliyekuwa anasokota uzi. Wayoruba walikwisha kuijua pamba na kijiti cha kusokotea kabla ya kuitazama hariri. Wamalagasi nao walikuwa wasukaji. Anayesokota kila siku, akiona kitu chenye nyuzi, mkono wake unakwenda wenyewe. Wazee wetu walikuwa mafundi wa njia nyingine. Walivua gome la mtini, lile la muvumu na ndugu zake, wakalilowesha, wakaligonga kwa nyundo ya mti mpaka likapanuka na kulainika. Kitambaa cha namna hiyo hakina uzi hata mmoja. Hata Uganda, ambako ufundi huo ulipanda mpaka ukumbi wa kabaka, na UNESCO ikautangaza urithi wa dunia mwaka 2005, Anaphe alikuwa anajenga katika katazamiti bila mtu kumsumbua. Upande mwingine wetu, magharibi, watu wa msitu na wa Kasai walisuka raffia. Sisi tulikuwa katikati, kati ya gome na raffia, na hariri ikapita juu ya vichwa vyetu. Huo si upungufu wa akili. Mtu mwenye nguo nzuri ya gome hatafuti kujikuna.

Hapa inatubidi kutoka Kivu kwa muda na kwenda mpaka China, maana bila kumjua kiwavi wa nyumbani hatuwezi kumhukumu yule wa porini.

Hariri inayouzwa duniani leo, karibu yote, inatoka kwa mdudu mmoja: Bombyx mori. Babu yake yupo hai bado. Ni Bombyx mandarina, nondo wa kahawia anayeruka katika miforosadi ya China, Korea na Japani. (Mforosadi ndio ule mti ambao shuleni tuliuita miriye.) Watu wa China walimchukua mandarina wakaanza kumfuga kitu kama miaka 5,000 iliyopita. Tunajua ni China kwa ushahidi ambao hata hakimu angeupokea: Bombyx wa nyumbani ana jozi 28 za kromozomu, mandarina wa China naye ana 28, lakini yule wa Japani ana 27. Na mpaka leo wa nyumbani na wa porini wakikutana wanazaa, na watoto wao pia wanazaa. Ni ndugu waliotenganishwa na ukuta wa nyumba tu.

Lakini miaka 5,000 ndani ya nyumba si mchezo. Nondo wa nyumbani ana mabawa ila hawezi kuruka. Kiwavi wake ni mweupe, hana rangi ya kujificha, na ukimweka juu ya tawi la nje hatakwenda mbali kutafuta jani. Anangoja uletwe. Anakubali kubanana na maelfu ya wenzake katika trei moja. Mandarina angetawanyika na kutoroka. Na tofauti kubwa kuliko zote ni hariri. Kifukofuko kimoja cha aina bora za leo kinatoa uzi mmoja usiokatika wa mita 1,000 na zaidi. Cha mandarina ni kidogo, chembamba, na uzi wake ni haba.

Je, tofauti hiyo iko wapi katika urithi? Tulitegemea kusikia kwamba hariri yenyewe imebadilika. Hapana. Uzi wa hariri ni proteini iitwayo fibroini, na sehemu yake kubwa ni viungo vitatu vinavyojirudia kama shanga katika uzi: glisini, alanini, glisini, alanini, glisini, serini, na tena toka mwanzo, mara nyingi sana. Jeni inayoiandika fibroini ile kwa wa nyumbani na kwa mandarina inafanana karibu kabisa. Mtu wa Goma ataelewa kwa mfano wa bugali. Unga ni uleule, na namna ya kusonga ni ileile. Kilichobadilika ni ukubwa wa sufuria na nguvu za moto.

Sufuria hiyo ni tezi ya hariri, mifereji miwili mirefu ndani ya mwili wa kiwavi. Chembe zake zina tabia ya ajabu: baada ya kiwavi kutoka katika yai, haziongezeki tena kwa idadi. Zinavimba tu, na ndani yake maandiko ya urithi yananakiliwa tena na tena, mpaka chembe moja inakuwa na nakala mamia ya maelfu. Kwa hiyo idadi ya chembe alizozaliwa nazo kiwavi ndiyo inapanga hariri atakayoitoa siku moja. Mwaka 2009 wanasayansi wa China walisoma urithi wote wa viwavi 40, wa nyumbani 29 na wa porini 11, wakaona jeni 354 zinazoonyesha alama ya mkono wa mfugaji. Baadhi zinafanya kazi ndani ya tezi ya hariri. Waliona pia kwamba wa nyumbani amehifadhi kiasi cha 83% ya utofauti wa urithi uliopo kwa wa porini, maana yake waliochukuliwa zamani zile walikuwa wengi, si jozi moja ya bahati. Mwaka 2022 kazi kubwa zaidi ikatoka, juu ya urithi wa viwavi 545, na humo ikaonyeshwa jeni iitwayo E2F1, inayogusa hasa idadi ya chembe za tezi. Wafugaji wa zamani hawakujua chembe wala jeni. Walikuwa wanachagua tu vifukofuko vizito kwa ajili ya mbegu ya mwaka unaofuata, kama mama anavyochagua maharagwe ya kupanda. Na kumbe vidole vyao vilikuwa vinahesabu chembe.

Jambo moja dogo tusiliache, juu ya rangi. Kifukofuko cha mandarina kina umanjano kidogo, na aina nyingi za zamani za nyumbani zilikuwa za manjano kabisa. Rangi hiyo inatoka katika jani, inapita katika damu ya kiwavi ikibebwa na proteini maalum, na inafika katika hariri. Mwaka 2007 Wajapani walionyesha kwamba katika aina nyeupe walizozichunguza, jeni ya proteini hiyo imepoteza kipande, kwa hiyo mbebaji hapatikani na rangi inabaki nyuma. Ule weupe tunaousifu kwa bibi-arusi ni jeni iliyokatika. Porini kiwavi wa namna hiyo labda asingepata hasara yoyote, lakini pia hakuna ambaye angempendelea. Alipendelewa na mtia rangi, anayetaka kitambaa cheupe cha kuanzia.

Turudi sasa kwenye nyumba yetu ya kahawia. Kati ya Bombyx na Anaphe undugu ni wa mbali sana, na hapa si sufuria tu iliyobadilika, bali unga. Fibroini ya Anaphe nayo ina glisini na alanini kwa wingi mkubwa, lakini kwa mpangilio wake na vipimo vyake, na fuwele zake hazikai kama zile za Bombyx. Wataalamu wa Uingereza waliozipanga hariri za dunia katika makundi miaka ya 1960 waliiweka Anaphe katika kundi la pili, mbali na Bombyx aliye katika la kwanza, na mbali na viwavi wakubwa wa porini wa Asia walio katika la tatu. Ni kama bugali ya muhogo na ile ya mahindi: zote ni bugali, lakini anayezijua hachanganyi. Kwa hiyo jibu la swali letu ni ndiyo. Ni hariri kweli, ila si hariri ile.

Na Anaphe hakuna mtu aliyewahi kumchagua. Kila kitu alichonacho kilichaguliwa na mvua, siafu, ndege, na nzi wanaotaga mayai ndani ya viwavi. Ndiyo maana nyumba yake ni ngumu, ina rangi ya tawi kavu, na imejaa vinyweleo vya kuwasha. Hariri ya Bombyx ni ya kumpendeza mtu, hariri ya Anaphe ni ya kumfukuza. Ila kuna jambo lililotushangaza: ule upole wa kukaa wengi pamoja, ambao Wachina walihitaji vizazi na vizazi kumfundisha Bombyx, Anaphe anao toka kuumbwa.

Kasoro yake kwa mfanyabiashara ni moja, na ni nzito. Kwa kuwa wengi wanajenga pamoja, nyuzi zao zinapitana na kushikamana, na huwezi kuvuta uzi mmoja mrefu kama wa Bombyx. Ni lazima uchambue na kusokota, kama pamba. Wayoruba hilo halikuwasumbua, maana walikuwa wasokotaji. Wazungu liliwasumbua.

Maana Wazungu walipofika waliiona haraka. Ilianzishwa hata sosiete ya Kijerumani ya hariri ya Afrika, na mwaka 1914 ikatoka kazi ya Arnold Schultze, mwanajeshi na mtaalamu wa wadudu, juu ya viwavi wa hariri wa Afrika, hasa hawa wanaoishi kwa ukoo. Waingereza nao walichunguza Anaphe infracta katika Uganda. Mwaka uleule wa 1914 vita vikaanza, na baada ya vita Ujerumani haikuwa tena na koloni. Kisha zikaja nyuzi za viwandani, za bei ndogo. Tukiitazama leo, biashara ile ilikuwa na uovu wake. Ilitaka kuvuna nyumba nyingi iwezekanavyo, na kila nyumba inayovunwa kabla ya nondo kutoka ni ukoo mzima uliokufa.

Waliolichukua jambo hili kwa njia nyingine walikuwa Nairobi. Kituo cha icipe, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, Mkenya aliyeamini kwamba Afrika inaweza kujifunza wadudu wake yenyewe, kiliingia katika mambo ya hariri kwa nguvu toka miaka ya 1990. Katika msitu wa Kakamega, magharibi ya Kenya, walimfuata Anaphe panda juu ya Bridelia. Waliona kwamba viwavi waliofunikwa kwa wavu juu ya matawi walipona wengi kuliko walioachwa wazi. Hicho ndicho walichohitaji: wavu kidogo, na mti uliosimama. Upande wa Mwingi, katika nchi kavu ya migunga, walifanya kazi na Gonometa postica, kiwavi mwingine wa porini ambaye kifukofuko chake ni kigumu kama ganda. Mwaka 2011 watafiti wa Oxford pamoja na wa icipe walieleza siri ya ugumu huo. Kifukofuko kimepakwa madini, chumvi ya kalisi. Ukiyaondoa kwa dawa inayofaa, bila kuchemsha kwa ukali, uzi unavutika mrefu bila kuharibika. Miaka mingi watu walisema hariri ya porini haivutiki. Walikuwa wanaipika vibaya.

Tuseme pia, kwa wale watakaouliza, maana mbinzo ni chakula chetu: wadudu wa Anaphe wanalika, na katika Nigeria wanaliwa. Lakini wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na huko watu wenye chakula haba waliwahi kupata ugonjwa wa kutetemeka na kutoweza kusimama baada ya kula Anaphe venata. Anayetaka kujaribu apike sana, na asikifanye chakula cha kila siku.

Sasa tuje kwa kilichotugombanisha. Wakati andiko hili linasomwa mara ya kwanza katika mkutano, kijana wetu mmoja, agronome, alisimama na kusema: historia ni nzuri, lakini tufanye kitu. Tupande miforosadi. Rwanda wamepanda, wanafuga Bombyx, sisi udongo wetu wa volkano si mbaya kuliko wao. Wengi walipiga makofi. Kusema kweli, hesabu yake haina kosa. Kwa wingi wa hariri Bombyx anamshinda Anaphe mbali kabisa, na mwezi mmoja tu unatosha kutoka yai mpaka kifukofuko.

Siye wengine tulikuwa na wasiwasi, na wasiwasi wenyewe unatokana na urithi uleule tulioueleza. Toka Mjapani Toyama Kametaro alipoonyesha mwaka 1906 kwamba sheria za Mendel zinatawala viwavi pia, ufugaji wa dunia umehamia kwenye machotara: jike wa ukoo mmoja, dume wa mwingine, na watoto wa kizazi cha kwanza wanakuwa na nguvu kuliko wazazi wote wawili. Wajapani walianza kuwagawa kwa wafugaji mwaka 1914. Lakini nguvu ile haidumu. Ukichukua mbegu kwa machotara, kizazi cha pili kinatawanyika, huyu mdogo, yule mkubwa. Tena mayai ni lazima yapimwe kwa mikroskopu kwa sababu ya ugonjwa wa pebrine, ule ulioangusha hariri ya Ufaransa mpaka Louis Pasteur akaitwa mwaka 1865. Kwa hiyo mfugaji ananunua mayai kila msimu, katika kituo chenye labo. Na mayai yakifika hayangoji. Siku zake zikitimia yanapasuka, na kiwavi anataka jani bichi siku ileile.

Msomaji wa Goma ahesabu mwenyewe. Mpaka wetu na Gisenyi ulifungwa kwa saa kadhaa tarehe 1 Agosti 2019 kwa ajili ya Ebola, na Machi 2020 ukafungwa kwa ajili ya Korona. Mei 2021 Nyiragongo ikatutoa nyumbani. Januari 2025 vita vikaingia mjini na uwanja wa ndege ukafungwa. Mahindi yanaweza kumngojea mwenyewe shambani wiki mbili. Kiwavi ambaye kwa miaka 5,000 amepotezewa akili ya kujitafutia jani hawezi kungoja hata siku mbili. Yule mdudu amefungwa kwa mtu, na mtu wa Kivu mara nyingi anakimbia.

Anaphe hamngoji mtu. Ukirudi baada ya mwaka, kama mti upo, yupo. Ila hapo kwenye "kama mti upo" ndipo aibu yetu ilipo. Mji huu unapika kwa makala, na Bridelia ni kuni nzuri na makala mazuri. Mwaka 1994, wakimbizi walipojaa Mugunga, Kibumba, Katale na Kahindo, tuliona hifadhi ya Virunga, iliyowekwa toka 1925, ikikatwa kila siku ili sufuria zichemke. Na toka hapo shoka halijapumzika. Madagaska inatufundisha jambo hilo: pale tapia ilipokatwa na kuchomwa, landibe alipungua, na sanda ya wazee ikapanda bei au ikasukwa kwa uzi wa Bombyx.

Mkutano haukumaliza ugomvi huo, na andiko hili pia halitaumaliza. Kijana anatayarisha mradi wake, na tumemwomba aweke ndani yake mistari michache ya miti ya Bridelia pembeni ya miforosadi. Amekubali, ingawa aliguna.

Ile nyumba ya Walikale tuliigawa mara mbili. Nusu tumeihifadhi ndani ya chupa yenye kifuniko. Nusu nyingine mama mmoja wa chama, mfumaji wa vitambaa vya meza, aliichemsha katika maji ya majivu ya maganda ya ndizi kama saa mbili, mikono yake ikiwa ndani ya mifuko ya plastiki. Ikalainika. Akaikausha, akaichambua kwa vidole, akaisokota juu ya paja kama watu wanavyosokota kamba ya mkonge. Ukatoka uzi wa rangi ya asali, wenye vifundo, mrefu kuliko mikono miwili iliyonyoshwa. Muzee wetu aliuvuta kwa nguvu akitaka kuukata. Haukukatika.

Tukamwuliza basi: kwa lugha ya nyumbani kwenu, kitu hiki kiliitwaje? Alifikiri kwa muda mrefu. Akasema jina lilikuwepo, walikuwa wanaliita wakati wa kutupa mawe, lakini limepotea. Dada yake mkubwa angelijua. Walipotezana wakati wa kukimbia, na namba aliyokuwa nayo haiiti tena. Kwa hiyo tunaomba kila msomaji mwenye mzee nyumbani, awe Muhunde, Munande, Munyanga, Mutembo, Mukumu, Mushi au mwenye kusema Kinyarwanda, amwonyeshe picha iliyo mwanzoni mwa andiko hili, amwulize jina, na alilete kwa maandishi katika biro ya chama. Mpaka kijitabu hiki kinakwenda kwa mpiga chapa tumepata majina mawili, na wenye kuyaleta hawakubaliani kama yote mawili ni ya mdudu mmoja.